Wanahistoria Saba wa Mama Araksi

Raffi aliingia dukani kwangu hapa Kensington, Johannesburg, Jumanne moja, umeme umekatika, mimi nimeinama juu ya kochi la mteja na tochi nimeifunga kichwani. Sikumtambua. Nilimwacha kijana mwembamba wa mambo ya kompyuta, na aliyesimama mlangoni alikuwa mzungu mnene mwenye mvi, anayeongea kupitia puani kama wanavyoongea Waaustralia. Akasema bibi yake amefariki, huko huko Melbourne alikomfuata uzeeni. Alilala jioni na asubuhi hakuamka. Nikazima tochi. Tukakaa juu ya kochi lile lile, springi zikitufinya, tukanywa chai ya jiko la gesi. Aliniuliza habari za mwaka niliofanya kazi na bibi yake Jeppestown. Nikamjibu mbili tatu, nyingine nikameza, maana Kiingereza changu ni cha kuuzia makochi, si cha kusimulia mtu, na Kiswahili yeye hana. Alipoondoka nikabaki na maneno mengi mdomoni, ndiyo haya. Mwenye kuona makosa ya uandishi avumilie. Niliishia darasa la nne, na makochi yangu wamekalia mawakili na maprofesa na hakuna aliyeanguka.

Sitaanza na baba na mama. Kila mtu ana baba na mama. Nilifika Johannesburg kijana wa ishirini na kitu, fundi viatu, na ufundi wangu ulikuwa kwenye vidole tu, sikuwa na karatasi yoyote ya kuuthibitisha. Ila jambo moja ulijue mapema, usije ukadhani nimekuficha: mwaka ule sikuitwa jina langu. Niliitwa Dieudonné. Dieudonné mwenyewe alikuwa Mushi, mtu wa kabila la Washi wa Bukavu, niliyelala naye chumba kimoja wiki za mwanzo. Akapata njia ya kwenda Cape Town, akapata karatasi nyingine huko, hii ya kwanza akaniachia. Picha yake ilikuwa mbaya kiasi kwamba ukiitazama haraka ingeweza kuwa yangu, au yako. Wengi tuliishi hivyo, sioni aibu. Ukishikwa huna kibali unapandishwa lori, na kule kwetu Kongo risasi zilikuwa bado zinalia. Basi nikawa Dieudonné barabarani, Dieudonné kazini, Dieudonné kanisani. Mchungaji aliniombea kwa jina hilo, mikono juu ya kichwa changu, na mimi nimefumba macho nikiwaza kwamba baraka zote zinapanda basi kwenda Cape Town.

Aliyejua alikuwa mmoja, Saidi, Mtanzania wa Tanga, mlinzi wa mlango wa supamaketi. Tulipanga pamoja chumba Bellevue, katika nyumba ya zamani iliyokatwakatwa kwa mbao nyembamba mpaka sebule ikawa vyumba vinne. Ukikohoa, jirani anakwambia pole. Saidi alikuwa akiniita Ndugu Jina-la-Watu, kwa sauti ya chini, na mimi nikimwambia ipo siku nitamtia gundi mdomoni.

Gundi niliipata kwa Mama Araksi. Nilikwenda Jeppestown kutafuta mabaki ya ngozi ya kushonea viatu, nikaelekezwa karakana moja iliyobanwa kati ya fundi wa bodi za magari na duka la magodoro, treni zinapita nyuma mpaka madirisha yanatetemeka. Ndani palinuka ngozi, nta na kahawa. Kulikuwa na bibi mfupi wa kizungu, mgongo umepinda, mikono ya mwanamume, akishona Biblia. Kazi yake ilikuwa kushona vitabu upya, hasa Biblia na vitabu vya nyimbo vya makanisa ya majoho meupe, zile zinazobebwa jua na mvua hadi zinatoka mgongo. Nikaokota kipande cha ngozi kwenye sanduku, nikakikunja, nikasema peke yangu kwa Kiswahili, "Hii inalia." Bibi bila kuinua kichwa akanijibu kwa Kiswahili, "Hailii, iko na kiu. Paka mafuta." Nilidhani nimeota. Kumbe alikaa Bujumbura miaka mingi na mume wake aliyekuwa na duka la vitambaa, kabla ya kuhamia huku. Mume alikwisha kufa, Kiswahili kikabaki. Akanipa sindano na Biblia iliyofumuka, akanitazama mishono mitatu, akasema, "Kesho uje mapema. Na uoge." Ndivyo nilivyoajiriwa.

Nilidhani ni Mgiriki. Akachukia. "Miye Muarmenia," alisema, na nilipomwuliza Uarmenia ni wapi akachora kwa kidole kwenye vumbi la unga wa gundi mezani: mlima hapa, ziwa hapa, mto hapa, Waajemi upande huu, Waturuki upande huu. "Na mto unaitwa Araks. Ndio jina langu." Nikamwambia na sisi kwetu tuna ziwa, na milima, na majirani wa kila upande. Akasema, "Basi unajua tayari nusu."

Vitabu saba vilikuwa kwenye rafu ya juu, mbali na kazi za wateja, na mvua za Januari ndizo zilizovishusha. Paa la nyumba yake ya Kensington lilivuja juu ya kabati, na alipovileta karakana vilikuwa vimevimba kama mikate, kurasa zimeachana, nyingine zimechanganyika. Vilikuwa vya baba yake. Saba hao walikuwa wanahistoria wa kabila lake, kuanzia yule wa karne nyingi sana nyuma, walipopata herufi zao wenyewe, mpaka wa mwisho aliyekaribia nyakati za babu za babu zetu. Raffi, mjukuu wake wa pekee, alikuwa anaoa na kuhamia Australia mwisho wa mwaka. Mama Araksi alitaka avichukue vyote saba, vimeshonwa. Raffi hakujua kusoma hata herufi moja. "Atavifanyia nini?" niliuliza. "Atavibeba," alisema. "Baba yangu hakufanya kitu ingine."

Sasa fikiria mimi, darasa la nne, napewa rundo la kurasa za herufi zinazofanana na ndoano za samaki, hata namba za kurasa zimeandikwa kwa herufi hizo hizo, naambiwa tupange. Mama mwenyewe macho yalikuwa yanachoka, anasoma kwa lenzi, mstari mmoja kwa dakika. Nilifanya ninavyojua. Maji yanapoingia kitabuni huacha alama, na alama ile hupungua ukurasa hadi ukurasa, kama doa la mafuta kwenye nguo zilizokunjwa pamoja. Basi nikafuata alama. Kubwa chini, ndogo juu. Mama akawa anahakiki kwa lenzi, na mara nyingi ilikuwa sawa, na mara moja nilishona fungu zima likiwa kichwa chini miguu juu, la kitabu cha tatu, na hatukugundua mpaka jalada limekauka. Niliogopa. Yeye aliweka lenzi, akacheka mpaka akashika meza. "Huyu," alisema, "aliishi pangoni. Labda ndani mule alilala hivi hivi." Nikafumua, nikashona tena.

Tulikula saa saba mchana, meza ile ile, tukisogeza gundi pembeni. Yeye alileta mkate mwembamba, jibini ya chumvi, zeituni, na Ijumaa majani ya mzabibu yaliyofungiwa wali, madogo kama vidole vya mtoto. Mimi nilileta sombe, majani ya muhogo. Alikuwa akilifunua bakuli kabla hata sijakaa. "Haya yenu mnaponda, haya yetu tunakunja," alisema, "lakini wote tunakula majani kama mbuzi." Na wakati wa kula ndipo alinisimulia wale saba. Majina yao ni marefu na karibu yote yanaishia kwa mlio kama wa nzi aliyebanwa dirishani. Sikuweza kuyashika, nikawapa majina yangu, na baada ya muda yeye naye akawaita hivyo. Wa kwanza nilimwita Karani wa Mfalme, kwa sababu alisema aliamriwa na mfalme aandike, mfalme yule aliyemtupa mhubiri shimoni na baadaye akamtoa na kubatizwa naye. Wa pili, Baba Yao, ambaye alipanga koo zote tangu mwanzo, na wasomi mpaka leo wanagombana aliishi karne gani, na kitabu chake kinaishia kwa kilio. Wa tatu ndiye Wa Pangoni. Inasemekana alikuwa karani wa jemadari mkubwa, wakapigana na Waajemi wenye tembo, wakashindwa, jemadari akafa, naye akaenda kuishi pangoni na kuandika.

"Vita ile tulishindwa," Mama Araksi alisema, akichukua zeituni. "Na kila mwaka tunafanya sikukuu yake."

"Sikukuu ya kushindwa?"

"Tulishindwa vita. Ile kitu tulikuwa tunapigania tulibaki nayo. Kula."

Wa nne nilimwita Msingiziwa, kwa sababu watawa wenzake walimsema vibaya, wakamfukuza, wakamnyang'anya hata vitabu. Wa tano, Mlilia Mji, aliyeandika jinsi mji wao mkuu ulivyoanguka, mji ambao walisema una makanisa elfu na moja. Wa sita, Mateka. Huyu nilimpenda kuliko wote. Wamongoli walimkamata yapata miaka mia nane iliyopita, wakamfanya mwandishi wao wa barua, anatembea nao kambi hadi kambi, na yeye akawa anasikiliza maneno yao, Mungu wanamwitaje, maji wanayaitaje, farasi wanamwitaje, na alipotoroka akaja kuyaandika ndani ya kitabu chake. Mimi wakati ule nilikuwa najifunza Kizulu kwa wanaume wa hosteli ya vibarua, neno moja moja, amanzi maji, isinkwa mkate, hamba nenda. Nilimwelewa Mateka bila kufafanuliwa. Na wa saba, Mzee Mgonjwa, aliyeanza kazi akiwa tayari amezeeka, anatembea nchi hadi nchi kuwauliza watu waliofukuzwa makwao na mfalme wa Waajemi, wakavushwa kwa nguvu ule mto wenye jina la Mama Araksi, na wengi wakazama. Kila mahali alilalamika juu ya afya yake na akaendelea kuandika.

Kwa muda mrefu nilidhani wote saba ni wa nyumba moja. Kwetu habari za ukoo hupewi na mtu baki. Siku moja nikamwuliza, "Huyu Mateka ni mjukuu wa Wa Pangoni?"

"Kati yao kuna miaka mia nane, weye."

"Basi kilembwe."

Alitaka kunisahihisha, nikamwona akifungua mdomo, kisha akaufunga. Akasema, "Bon. Andika kilembwe."

Jioni, kazi ikiisha, nilipitia saluni ya Mama Furaha, Bellevue, na sababu haikuwa nywele. Ilikuwa binti yake, Espérance, msusi, mtu wa Uvira, mdomo kama wembe na mikono mepesi, ndiye aliyenipikia ile sombe. Kusuka rasta ni kazi ya saa nyingi, wanawake wamekaa, shingo zimekaza, hawana pa kwenda. Wakaniuliza siku moja ninafanya kazi gani kwa yule bibi wa kizungu. Nikawasimulia Wa Pangoni. Kesho yake wakamtaka mwingine. Ikawa desturi. Nikikanyaga tu mlangoni, mteja ambaye hata simjui ananiuliza, "Msingiziwa wamemrudishia vitabu vyake?" na Espérance, kitana mdomoni, anamjibu kwa niaba yangu, "Bado, watawa wale roho mbaya." Wa Pangoni alimliza mama mmoja wa Kalemie hadi wanja ukamwagika. Mateka ndiye aliyewashika zaidi, na nilipowaambia ametoroka, saluni nzima ilipiga makofi na vitana.

"Akaoa?" Espérance aliuliza.

"Alikuwa mtawa."

"Ah. Basi haina raha."

Nilipomweleza Mama Araksi kwamba huko Bellevue wanawake wa Kongo wanamsubiri mwanahistoria wake kama wanavyosubiri tamthilia ya televisheni, aliondoa miwani na kuifuta kwa muda, akarudia, "Wakapiga makofi?" Nikasema, na vitana. Siku ile alinipa majani yote ya mzabibu, yeye akala mkate mtupu.

Tatizo la saluni lilikuwa jina. Wateja wengine walikuwa Washi wa Bukavu, nao wakanisalimu kwa Kishi kama mwenzao, na mimi ni Mbembe wa mji wa Baraka, Kishi nakijua kama ninavyojua Kichina. Nilikohoa. Nilikohoa sana mwaka ule, mpaka Mama Furaha akaniletea tangawizi. Na alipoona jinsi binti yake anavyonitazama, akaniweka kitako siku moja, mashine ya kukaushia nywele inavuma juu ya vichwa vya watu, akaniambia waziwazi, "Miye sina neno na weye, mwanangu. Unafanya kazi, hunywi. Lakini nitajie ukoo wako wa kule kwenu Bushi, na wazee wako hapa Johannesburg ni akina nani, waje tuongee. Msichana wangu sitamtoa kwa mtu ambaye sijui anatoka kwa nani." Nikasema ndiyo, Mama. Nikatoka nje nikakaa juu ya ukuta wa spaza, kiduka cha mtaani, jasho linatoka na ilikuwa Julai, baridi ya huku.

Katika baridi hiyo hiyo Mama Araksi alinionyesha ukurasa wa mwisho wa kitabu cha kwanza. Baada ya maandishi ya kiwanda cha uchapaji kulikuwa na mistari ya mkono, wino wa kahawia. Wao wanaiita hishatakaran, ukumbusho. Tangu zamani, alisema, kila mtu wao aliyenakili kitabu au kukishona upya huandika nyuma yeye ni nani, mwana wa nani, amefanya kazi wapi, mwaka ule kulikuwa na shida gani, na anawataja wote waliomsaidia, hata aliyelainisha karatasi, hata aliyepika. Ule wa wino wa kahawia aliusoma polepole kwa lenzi: fundi fulani wa Aleppo, amekishona mwaka wa nzige, mkate ni wa shida, mke wake ndiye aliyeshika taa, anayesoma awakumbuke. Wanahistoria wao wa siku hizi, alisema, wanakusanya kurasa hizo za nyuma, kwa sababu humo wameandikwa watu ambao hakuna mfalme aliyeuliza habari zao.

"Ukurasa wa nyuma wa kitabu cha saba utakuwa wetu," alisema. "Jina langu na lako."

"Weka lako, Mama. Mimi linanitosha kuwa nimeshona."

"Kitabu bila jina la fundi hakijaisha. Na kisichoisha hakitoki kwenye mlango wangu. Na jina liwe la kweli. Mule ndani hatudanganyi, tunaomba msamaha wa makosa, ndio, lakini hatudanganyi."

Nikasema jina langu analijua. Akapaka gundi mstari mzima kabla ya kunijibu.

"Nikikuita Dieudonné unafikiri kwanza, ndio unageuka. Hakuna mtu anafikiri kwa jina lake."

Treni ikapita, vikombe vikalia. Ndipo akaniambia habari za baba yake. Aliokolewa mtoto mdogo, wakati watu wake walipouawa na kufukuzwa jangwani. Familia moja ikamficha, ikampa jina la kwao ili aishi, na aliishi. Alipokuwa mkubwa na hatari imepita, akataka jina lake, akalikuta nusu tu. La kwanza alilikumbuka. La ukoo lilikuwa limemtoka kichwani. Hakubaki mtu wa kumwuliza. Lile la ukoo alilompa bintiye alilisoma kwenye kibao cha duka la sabuni. "Hawa saba aliwasoma mpaka macho yakaisha," Mama Araksi alisema. "Nilidhani anapenda wafalme. Alikuwa anatafuta kijiji. Alisema akikutana na jina la kijiji chake, mwili wake utajua." Nikamwuliza kama alikipata. Akasema, "Leta uzi."

Leo, nikiwa na umri unaokaribia aliokuwa nao yeye wakati ule, nafikiri nilikuwa na bahati ya mjinga. Ningeweza kupata bosi aliyeniita boy na asijali jina lolote. Nilimkuta mwanamke ambaye kwake jina la mshona vitabu lilikuwa na uzito sawa na la jemadari aliyepigana na tembo. Lakini wakati ule sikuona bahati. Niliona mtego. Jina langu likisemwa, kibali kimekwenda, na Espérance amekwenda, maana msichana gani atamkubali mtu aliyemdanganya hata jina? Na nisiposema, kitabu hakitoki, Raffi anapanda ndege mikono mitupu, na bibi huyu aliyenilisha kwa mwaka mzima anabaki na rafu yake. Saidi nilimweleza tukiwa tunapika ugali.

"Mpe jina lolote," alisema. "Mwambie unaitwa Ramadhani. Atajuaje?"

"Atajua."

"Haya. Mchumba akikufukuza utapata mwingine, wapo. Polisi akikufukuza utapata lori. Mimi ningemwogopa polisi."

"Polisi hasomi Kiarmenia, Saidi."

Akaacha mwiko ndani ya sufuria. "Eish. Hilo sikuliwaza." Akakoroga. "Basi kinachokutisha ni yule binti."

Kilikuwa hicho, na Mama Araksi alikwisha kukijua. Wiki ya mwisho ya Novemba aliniambia, "Yule anayepika sombe nimwandike. Aje Jumamosi, aniambie mwenyewe jina lake na la mama yake." Nikaelewa mara moja kwamba jina langu litasemwa mbele yake. Ningeweza kumwambia Espérance kwamba karakana imefungwa. Nilimwambia avae viatu vya kufunika, chini kuna vipande vya chuma.

Jumamosi ile mawingu yalijaa mchana, kama yanavyofanya Johannesburg mwezi ule, na mvua ya mawe ikapiga bati hadi tukawa tunapaza sauti. Raffi alikuwa nje ndani ya gari, buti wazi tayari na plastiki juu, akingoja ipungue. Vitabu sita vilikuwa kwenye sanduku. Cha saba kilikuwa mbele ya Mama Araksi, kimefunguliwa nyuma kabisa, na kalamu mkononi mwake. Espérance alikuwa ameweka sufuria kwenye ubao wa kukatia ngozi, amekaa kwenye stuli yangu, anatazama sindano na nta na kila kitu kana kwamba anataka kuvinunua. Waliamkiana vizuri, "Shikamoo Mama", "Marahaba binti", na Mama akamshika vidole, akavigeuza, akasema hii ni mikono ya fundi.

Kisha akaandika, huku akitusomea kwa Kiswahili kila anachoandika. Kwamba kitabu hiki, pamoja na ndugu zake sita, kiliharibiwa na maji na kikashonwa upya katika mji wa Johannesburg, mtaa wa Jeppe, karibu na reli. Kwamba aliyeshona ni Araksi, binti wa mtu aliyekuwa na nusu ya jina. Akachovya kalamu. Kisha, "Pamoja na," akasema, na kalamu ikasimama.

Hakunitazama. Mvua ilipiga bati. Espérance ndiye aliyenitazama, akingoja niseme kitu ambacho yeye alidhani anakijua.

"Wilondja," nilisema.

Kalamu ikaanza kutembea.

"Mwana wa?"

"Mwana wa Asende. Wa Baraka, kando ya ziwa."

"Na mama?"

Nikamtaja mama yangu. Tangu nivuke mpaka sikuwa nimelitamka jina lile. Mama Araksi akaliandika kwa zile ndoano zao, taratibu, bila kuniuliza lingine. Nikageuka kwa Espérance, nikamweleza yote kwa maneno machache, Dieudonné, Cape Town, karatasi, kukohoa. Nilikuwa nimesimama kama mtu anayengoja kupigwa kofi.

Aliokota sindano mezani, akaichoma kwenye nta. "Mbembe," alisema.

"Mbembe."

"Mama ameshinda miezi anaulizia habari zako kwa Washi wote wa Johannesburg. Wote wanamwambia huyo mtu hatumjui, na ukoo wake hatuujui. Alianza kusema labda weye ni jini." Akatikisa kichwa. "Wiki ijayo alikuwa anakukataza mlango wa saluni."

"Na sasa?"

"Sasa namwambia ni Mbembe. Kwanza atapiga kelele, Wabembe ni wabishi. Halafu atatafuta Wabembe awaulize." Akanitazama tena, polepole, kama mtu anayejaribisha nguo. "Wilondja. Na yale maombi yangu? Mwaka mzima nimefunga Ijumaa kwa Dieudonné apate mke mwema."

"Yamefika Cape Town."

"Basi huko kuna mtu ameoa vizuri."

Mama Araksi alicheka bila kuinua kichwa, asiharibu mstari. Kibali changu nilikuja kukipata, kwa jina langu, baada ya foleni ndefu ambazo sina hamu ya kuzisimulia, na ule ulikuwa mwaka mwingine. Siku ile niliona tu kwamba nimesimama palepale, na hakuna aliyeondoka chumbani. Mama aliandika Espérance, akaandika Mama Furaha, akaandika hata Saidi niliponong'ona kwamba yeye ndiye alikuwa akiniamsha asubuhi. Mvua ikapungua. Huko nje Raffi akafungua mlango wa gari.

"Imebaki shida ya mwaka," Mama Araksi alisema. "Lazima iwepo. Wote saba waliandika shida."

Nilitafuta. Shida zilikuwepo, kwetu na hapa, kila mtu alikuwa na zake. Lakini nilitazama meza ile, gundi, nta, mkate umefungwa kwenye kitambaa, kichwa cheupe kimeinama juu ya karatasi, na msichana anayenitazama kwa jina langu, na sikuona ya kutaja.

"Haikuwepo, Mama."

"Haikuwepo haiandikwi."

Espérance akafunua sufuria, akanusa. "Andika kwamba walichelewa kula."

Mama Araksi akafikiri. Akaandika hivyo, akapuliza wino, akasogeza kitabu pembeni ili tupate nafasi ya sahani.